Kijana Mbele ya Kioo: Ufaransa ya 1962

Mwaka 1960 Bunge la Ufaransa lilipitisha kifungu cha mbunge Paul Mirguet, kilichoyaweka mapenzi ya jinsia moja katika fungu la majanga ya jamii, pamoja na ulevi na ukahaba. Kabla ya hapo, tangu 1942 enzi za utawala wa Vichy wakati wa Vita Kuu ya Pili, sheria ilikuwa imekataza mapenzi hayo kwa kila aliye chini ya miaka 21. Kwa mvulana na msichana, umri ulioruhusiwa ulikuwa mdogo zaidi.

Kijana aliyekua chini ya sheria hizo ndiye André Téchiné aliyemsimulia katika Les Roseaux sauvages, yaani Matete ya Porini, filamu ya 1994. Téchiné alizaliwa 1943 kusini-magharibi mwa Ufaransa, na huko ndiko alikoipeleka hadithi yake. Kazi ilianza kwa agizo la televisheni ya Arte, iliyowataka waongozaji kadhaa wasimulie ujana wa zama zao.

Tuko 1962, vita vya Algeria vikielekea ukingoni. Filamu inafunguka na harusi ya Pierre, askari aliye likizoni. Katikati ya dansi anamwomba mwalimu wake wa zamani, Bi Alvarez, Mkomunisti, amsaidie kutoroka jeshi. Mama huyo anakataa. Pierre anarudi Algeria na kuuawa, na mwalimu anaugua kwa majuto.

Katika shule ya bweni, kijana wetu, François, anampenda Serge, mdogo wake Pierre. Usiku mmoja wanalala pamoja. Kwa Serge yameishia hapo. Kwa François ndiyo kwanza yameanza. Wa kwanza kuambiwa ni Maïté, rafiki wa dhati wa François na binti wa Bi Alvarez, naye hamwachi. Bwenini yumo pia Henri, Mfaransa mzaliwa wa Algeria, mwenye hasira za mtu anayepoteza nchi aliyozaliwa.

François anasimama mbele ya kioo na kujiita, tena na tena, kwa tusi ambalo wengine wangemwita. Baadaye anakwenda dukani kwa muuza viatu mmoja, mtu mzima anayejulikana mjini kuwa anapenda wanaume. Anamuuliza afanyeje na maisha yake. Yule bwana anamtazama tu, hana la kumjibu. Hapo ndipo ninapoiona thamani kubwa ya filamu hii: inaonyesha jinsi sheria na aibu zilivyowanyima vijana watu wazima wa kuwauliza. Anayempenda mtu wa jinsia nyingine hupata wajomba na shangazi wa kumfunda. François hakuwa na yeyote.

Mkataba wa Évian, uliosimamisha vita vya Algeria, ulitiwa saini Machi 1962, na Julai Algeria ikawa huru. Vijana wa filamu wanasubiri matokeo ya mtihani wa kumaliza sekondari na kwenda kuogelea mtoni.

Mwaka 1995 filamu ilipata tuzo nne za César, zikiwemo za filamu bora na mwongozaji bora. Kifungu cha Mirguet kilifutwa 1980. Sheria ya 1942, ambayo mpaka wake wa umri ulikuwa umeshushwa hadi miaka 18 mwaka 1974, ilifutwa tarehe 4 Agosti 1982. Wakati huo rika la François lilikuwa linakaribia miaka 40.