Mti wa Baharia Asiye na Kaburi

Baridi imetubana huku na maboksi hayabebeki, lakini leo naweka maboksi pembeni. Kuna habari ya historia imenikaa moyoni, afadhali niitoe.

Ukitembea kwenye bustani za miji midogo ya Uingereza, mara nyingine utakuta mti una kibao kidogo chini yake. Kibao kinamtaja mwenyeji fulani wa hapo, kwamba alitumikia jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Basi, hakuna sanamu wala mzinga. Mtu wa kwetu atauliza, mbona shujaa mzima anapewa mti tu?

Fikirini hivi. Askari wa nchi kavu akifa vitani, mara nyingi huwa na kaburi. Baharia akizama na manowari yake, hana. Jina lake linaandikwa kwenye kumbukumbu kubwa za Portsmouth, Plymouth au Chatham, na kama alikuwa wa meli za biashara, linaandikwa Tower Hill, London. Sasa mama yake aliyeko kijijini ataweka wapi ua? Mti ukipandwa mtaani kwao, yule aliyezama anapata mahali. Na yule aliyerudi hai akazeeka kimyakimya anapata mtu wa kuuliza, "Huyu alikuwa nani?"

Jambo hili wamelifanya kwa ukubwa pale Alrewas, Staffordshire, kaskazini ya Birmingham. Palikuwa machimbo ya kokoto. Miti ilianza kupandwa mwaka 1997 na mahali pakafunguliwa mwaka 2001, ekari 150. Ndani yake kuna msitu wa mialoni 2,535, na kila mwaloni ni meli moja ya biashara ya Uingereza iliyopotea katika vita vile. Mwaloni ndio mti waliojengea meli zao enzi za tanga. Ukisoma 2,535 kwenye kitabu unaipita tu. Ukiiona imesimama, mti baada ya mti, ndipo unaelewa.

Wadau, habari hii inatuhusu na sisi, kwa sababu bahari ile ilimeza watu wetu pia.

Mwezi Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, pamoja na meli nyingine nne za kubeba askari. Ndani walikuwamo watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwapo pia wanamaji wa Kiingereza na wauguzi wanawake. Vijana wetu walikuwa njiani kuelekea vita ya Bama, ile ambayo wazee wa Keya walikuwa wakituhadithia.

Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Aliyekuwa chini hakuwahi hata kupanda ngazi. Nyambizi ikajificha chini ya pale walipokuwa wakiogelea walionusurika, na manowari za Kiingereza zikatupa mabomu ya majini papo hapo. Wengine wakafa kwa mabomu ya wenzao. Nyambizi nayo ilizamishwa siku hiyohiyo. Waliokufa melini ni 1,297. Waliopona ni 214 tu.

Majina ya askari wetu waliozama siku ile yapo Nairobi, kwenye kumbukumbu ya Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita. Ni heshima, sikatai. Lakini Nairobi si kijijini kwao. Bibi aliyeambiwa mumewe amepotelea baharini hakuwa na nauli ya kwenda kulisoma jina ukutani.

Msiniambie kwamba kuenzi mti ni mambo ya Wazungu. Pale Ujiji tunaitunza miembe kwa sababu Stanley alikutana na Livingstone hapo mwaka 1871. Wageni wawili walisalimiana chini ya mwembe, na sisi tunamwagilia mpaka leo. Je, kijana wa kwetu aliyezama akiwa na miaka ishirini hastahili mwarobaini mmoja nyuma ya shule ya kijiji?

Haihitaji bajeti ya serikali wala mfadhili. Inahitaji mche, kibao, na mzee anayekumbuka jina. Mche na kibao tutavipata hata mwakani. Wazee ndio wanaoisha. Kwa hiyo ukipiga simu nyumbani wiki hii, kabla hujaulizwa habari za hela, uliza wewe kwanza: katika ukoo wetu, nani alikwenda Keya asirudi?

Tuko pamoja.