Mlimba hadi Makambako: jinsi reli ya TAZARA ilivyopanda mlima

Mlimba iko chini, kwenye bonde la Kilombero, mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni la bondeni kweli. Makambako iko juu, zaidi ya mita 1,600, na wakati wa kipupwe watu wake hushinda na makoti. Katikati pana kilomita 150 na ushei za reli. Ukimsikia mtu aliyesafiri na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, akisimulia milima, jua anasimulia kipande hiki. Treni huingia handakini, ikatokea darajani, ikaingia handaki jingine kabla macho hayajazoea mwanga. Ikikata kona kali, abiria wa mabehewa ya nyuma wanakiona kichwa cha treni yao wenyewe kikipita ng'ambo ya korongo, kana kwamba ni treni nyingine inayokuja.

Wageni huwa wanadhani njia ilipitishwa humo kwa ajili ya mandhari. Waliochora ramani walikuwa wakifikiria shaba.

Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ilikuwa na migodi lakini haikuwa na bandari. Shaba yake ilitoka kwa reli za kusini, kupitia Rhodesia, na mafuta yake yaliingia kwa njia hiyo hiyo. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ikajitangazia uhuru wake yenyewe, na Rais Kenneth Kaunda akajikuta uchumi wa nchi yake umeshikwa na mtu ambaye hawezi hata kusalimiana naye. Mafuta yakaanza kusafirishwa kwa ndege na kwa malori, kwenye barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam ambayo madereva waliiogopa kama kifo.

Wazo la reli ya kuelekea Dar es Salaam lilikuwapo kabla ya hapo, na lilikuwa limekwisha kukataliwa. Benki ya Dunia iliona kwamba mizigo haitatosha kulipa gharama. Serikali za Magharibi nazo hazikutaka kuugusa mradi huo. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, na huko ndiko alikopata watu walio tayari kusikiliza. Kaunda alisita zaidi. Alitaka kwanza kuona kama wa Magharibi watabadili mawazo. Hawakubadili. Mkataba wa nchi tatu ukatiwa saini Beijing, Septemba 5, 1967.

Kuna maneno yamezoeleka mitaani kwamba Wachina walitupa reli bure. Si kweli. Ulikuwa mkopo wa yuan milioni 988, zaidi ya dola milioni 400 za wakati ule, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Gharama za humu nchini, kama mishahara ya vibarua, zililipwa kwa njia ambayo wazee wengi bado wanaikumbuka bila kujua kwamba ilihusu reli: China ilileta bidhaa, serikali zikaziuza madukani, na fedha zikaingia kwenye mradi. Zile baiskeli, vitambaa na chupa za chai zilizojaa majumbani miaka ile zilikuwa pia hesabu ya mataruma na baruti.

Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Hapo palikuwa na uamuzi wa njia, na ndio uliozaa safari tunayoisifu leo. Barabara kuu ya kwenda Zambia, iliyojengwa wakati huo huo kwa msaada wa Marekani, ilipita Mikumi na Ruaha Mbuyuni, ikaparamia Kitonga na kutokea Iringa. Lori linaweza kupanda Kitonga likiguna. Treni haiwezi, magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma huanza kuteleza kwenye mteremko ambao gari huuona wa kawaida. Reli ikapelekwa kusini zaidi, ikapita katika pori la Selous, ikalifuata bonde la Kilombero lenye mpunga na miwa, na kuiweka milima ya Udzungwa upande wake wa kulia kwa muda mrefu kadiri ilivyowezekana. Ila Makambako iko juu ya mlima. Mwisho wa bonde, mlima haukwepeki.

Reli ilifika Mlimba Novemba 1971, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam, kwa muda uliopungua miezi 14. Mwendo huo uliwashangaza hata waliokuwa wakiubeza mradi. Kisha kasi ikakata.

Juu ya Mlimba ardhi ni ya makorongo yaliyofunikwa na msitu mnene, udongo wake ni laini, na mvua zake hazina mzaha. Vikosi vya mahandaki na madaraja vilibidi vitangulie mbele ya reli, vikiishi kambini porini, vikifanya kazi kwa zamu usiku na mchana. Vijana wengi wa Kitanzania waliandikishwa kupitia chama cha TANU na Jeshi la Kujenga Taifa, wakiwa hawajawahi kuona handaki maishani. Kazi waliisomea hapo hapo: fundi wa Kichina anashika drili, kijana anatazama, kisha anashika yeye. Lugha ilikuwa ishara za mikono na Kiswahili cha kuokota. Waliofanya kazi kwa Mwingereza walishangaa kuona mhandisi wa kigeni akiingia kwenye tope na kubeba zege pamoja nao, na hilo limo katika karibu kila simulizi la wazee wa TAZARA.

Kazi ya handaki ilikuwa hivi. Unatoboa mwamba matundu, unayajaza baruti, mnakimbia, mnasubiri moshi utulie, kisha mnaingia kuzoa vifusi. Halafu mnaweka nguzo haraka kabla dari halijaamua kushuka, na baadaye mnajenga ukuta wa zege. Kisha mnaanza tena, hatua chache mbele. Handaki namba 3 la Irangi lina urefu wa mita 800 hivi; fikiria kuupata urefu huo kwa hatua chache chache, kwenye udongo ambao ukilowa unateleza. Daraja la mto Mpanga nalo lilisimamishwa juu ya nguzo ndefu, mita 50 hivi kutoka chini ya korongo. Reli nzima ya kilomita 1,860 ina mahandaki 22 na madaraja 320, na sehemu kubwa ya mahandaki hayo iko katika mlima huu.

Watu walikufa. Wachina zaidi ya 60 waliopoteza maisha wakati wa ujenzi na miaka iliyofuata wanakumbukwa kwa makaburi yaliyopangwa vizuri Gongo la Mboto, na viongozi wa China wakija Dar es Salaam huenda kuweka mashada. Watanzania na Wazambia nao walikufa kazini. Kumbukumbu yao ni haba mno, na kwa maoni yangu hiyo ni aibu yetu, si ya Wachina.

Agosti 1973 reli ikafika Tunduma. Njiani ilipita Uyole, karibu na Mbeya, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo kilele halisi cha njia yote. Wasafiri wengi hawajui wanapopita, kwa sababu nchi ya Mbeya hupanda taratibu wala haimtishi mtu. Upande wa Zambia kazi ilikwenda haraka, Kapiri Mposhi ikafikiwa Juni 1975, na Julai 14, 1976, reli ikakabidhiwa rasmi kwa nchi mbili.

Mlima haukukabidhiwa. Vichwa vya treni vya kwanza vilivyotoka China vilikuwa vya dizeli inayopitisha nguvu zake kwa mafuta yenye shinikizo, na kwenye tambarare vilikwenda bila shida. Vikifika Mlimba na mzigo mzito nyuma, vilihema. Injini zilipata moto, treni zikasimama katikati ya mlima, na nyingine zikabidi zipunguziwe mabehewa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mvua kubwa zikaleta maporomoko ya udongo juu ya njia. Mwaka 1983 ndipo vilipoanza kuja vichwa vikubwa vya dizeli-umeme vya aina ya U30C, vya teknolojia ya General Electric, ambavyo vilikuwa na misuli ya kupanda.

Kwa hiyo kipande hiki kizuri kuliko vyote ndicho kilichoisumbua TAZARA tangu utoto wake. Wanaoilaumu menejimenti peke yake kwa kila kuchelewa wangeuona mlima kwanza. Siwatetei wakubwa wa shirika. Reli iliyojengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haishuki hadi tani 88,000, kama ilivyokuwa mwaka wa fedha 2014/15, kwa sababu ya mlima tu. Zambia ilirudi kutumia njia ya kusini mwaka 1978, Afrika Kusini ikawa huru mwaka 1994, malori yakaongezeka, na vipuri vikakosa fedha.

Wakati shaba inapungua, kulikuwa na watu wengine ambao waliigeuza reli kuwa yao. Miaka ya 1970, vijiji vingi vya ujamaa vilisogezwa kando ya njia, na wanakijiji wakapewa hata jukumu la kuilinda. Kati ya Mlimba na Makambako barabara ni mbaya, na masika hakuna barabara ya maana. Treni ndiyo iliyokuwa basi, lori na gari la wagonjwa. Mchele wa Mlimba hupanda mlima. Viazi na maharage ya nyanda za juu hushuka. Simama kwenye stesheni ya Mlimba treni inapoingia: ndizi zinapitishwa madirishani kwa mikungu, karanga za kuchemsha kwa vikombe, samaki wa Kilombero waliokaushwa wamefungwa kwenye magazeti, na chenji inarushwa kutoka dirishani treni ikiwa imeshaanza kutembea. Mama mmoja anasukuma gunia mlangoni kwa goti huku kondakta akipiga kelele kwamba behewa limejaa. Gunia linaingia. Huwa linaingia.

Halafu kuna Uchindile na vituo vidogo vingine, ambavyo treni ya haraka ya Mukuba huvipita na ile ya kawaida, Kilimanjaro, husimama. Kwa watu wa huko, tofauti ya treni hizo mbili haikuwa bei ya tiketi. Ilikuwa ni kupata au kukosa soko.

Na wapo wasafiri wa aina ya tatu. Tangu mwaka 1993 treni ya kifahari ya Rovos Rail hutoka Cape Town hadi Dar es Salaam ikipita njia hii hii, na watalii wake hulipa maelfu ya dola kutazama korongo la Mpanga wakiwa na glasi mkononi. Yule mama wa Mlimba ameliona korongo hilo mara nyingi, akiwa amekalia gunia lake. Jambo hilo halinikasirishi. Linaonyesha tu kwamba thamani ipo, na kwamba sisi wenyewe hatujawahi kuiuza. Sijawahi kuona tangazo la TAZARA linalomwambia Mtanzania: njoo upande treni uione Udzungwa.

Kwa atakayekwenda, ushauri ni mfupi. Huduma za abiria zimekuwa za kusuasua miaka ya karibuni, kwa hiyo uliza stesheni kabla ya kufunga begi. Kwa ratiba iliyozoeleka, treni hutoka Dar es Salaam alasiri na kufika Mbeya kesho yake mchana, hivyo mlima hupandwa kati ya usiku wa manane na asubuhi, na wenye bahati ni wale ambao treni yao imechelewa. Beba koti, beba maji, wala usitoe kichwa dirishani kwenye mahandaki; kuta ziko karibu kuliko unavyodhani.

Sasa njia inangoja maisha mapya. Septemba 2024 zilitiwa saini hati za awali Beijing mbele ya marais watatu, na Septemba 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wenye thamani ya dola bilioni 1.4, wa kuikarabati na kuiendesha reli. CCECC ni mtoto wa idara ya Wizara ya Reli ya China iliyosimamia ujenzi wa awali, kwa hiyo mlima wanaujua. Mazungumzo mengi yamekuwa ya shaba, ya tani na ya ushindani na njia ya Lobito upande wa Angola, na ni sawa, kwani mzigo ndio utakaolipa deni. Lakini watakaokaa kupanga ratiba mpya wakumbuke mambo mawili: treni ya abiria ipande mlima mchana, na isimame Uchindile.