Maji Yaliruhusiwa, Nyumba Zikakataliwa

Kati ya 1963 na 1965 msanii Mjerumani Hans Haacke alitengeneza kisanduku cha plastiki angavu, akatia maji kidogo, akakifunga. Basi. Taa za ukumbini na joto la miili ya watazamaji huyageuza maji kuwa mvuke, mvuke hushika kwenye kuta kuwa matone, matone huteremka, na mzunguko huanza tena. Mhakiki Jack Burnham aliitetea sanaa ya aina hii mwaka 1968 katika jarida la Artforum: msanii, alisema, sasa anashughulika na mifumo badala ya vitu. Makumbusho hayakuona tatizo. Maji hayana mwenyewe.

Mwaka 1971, Haacke akiwa New York, alipeleka njia ileile kwenye ardhi ya jiji. Alikwenda kwenye kumbukumbu za umma, akakusanya taarifa za majengo na viwanja vya kundi moja la wamiliki, vingi vikiwa Harlem na Lower East Side. Picha 142, kila moja na karatasi iliyopigwa chapa: anwani, jina la kampuni, tarehe ya kununua, rehani, thamani. Michoro ikaonyesha jinsi kampuni hizo zilivyouziana na kuwekeana rehani, nyingi zikirudi kwa watu walewale. Hakuna neno hata moja la kulaumu. Ukavu huo, kwangu, ndio unaoichoma kazi yenyewe; angeweka picha ya mtoto analia, tungemwonea huruma kisha tukaenda kunywa chai.

Wiki chache kabla ya ufunguzi, mkurugenzi wa Guggenheim, Thomas Messer, aliyafuta maonyesho. Jumba la sanaa, alishikilia, si mahali pa kufuatia malengo ya kijamii na kisiasa. Edward Fry, msimamizi wa maonyesho aliyemtetea Haacke, alifukuzwa kazi.

Wengi walidhani wadhamini wa jumba walikuwa na hisa katika nyumba zile. Uhusiano huo haukuthibitishwa, na nadhani dhana hiyo inaifanya hadithi kuwa nyepesi mno: jumba lilijilinda hata pasipo aliyeguswa mfukoni.

Mwaka 1974 Haacke alirudi na paneli saba. Safari hii mfumo uliochorwa ulikuwa bodi ya Guggenheim yenyewe, pamoja na uhusiano wa baadhi ya wajumbe wake na Kennecott, kampuni ya shaba iliyokuwa imenyang'anywa migodi nchini Chile.