Vina vya Rumba

Ukitunga wimbo wa dansi kwa Kiswahili, siku moja utataka kulitaja neno rumba mwisho wa mstari. Halafu? Mwenzake utampata wapi?

Kwa sheria ya ushairi si kazi. Shehe Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, hapa hapa Kigoma, alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Katika ushairi huo kina ni silabi ya mwisho, basi "ba" inatosha: baba, haba, msiba. Lakini sikio la dansi ni lingine, bana. Ukiimba rumba kisha ukaleta baba, wachezaji wanaona umewapunja. Wanataka -umba nzima: chumba, kuumba, mchumba (huyu kila mtunzi ameshamchosha), hata vumba la samaki kwa sisi watu wa Tanganyika.

Wazee wetu wengi wanalo la kwao: nkumba, yaani kitovu kwa Kikongo. Wanasema rumba imetoka huko, kwa ngoma ya kuchezesha kitovu, ikavuka bahari na watumwa mpaka Cuba. Ikarudi ndani ya santuri. Mwaka 1933 zile za GV kutoka Uingereza zilianza kuuzwa Afrika, na ya kwanza ilikuwa El Manisero. Iliandikwa rumba, ingawa Wacuba wenyewe muziki ule wanauita son. Jina lilirudi nyumbani limevaa nguo ya mwingine! Huko Léopoldville likaimbwa zaidi kwa Kilingala, kwa hiyo kwa wanamuziki wetu vina vyake vya Kiswahili vilipata nafasi zaidi walipohamia upande huu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, na kwa Kiswahili ndipo alipopata jina kubwa.

Kina kizito kuliko vyote ni Lumumba. Mwaka 1960, wakati wa Meza ya Duara kule Brussels, Kabasele na African Jazz walimtaja ndani ya Indépendance Cha Cha. Ilikuwa cha-cha, si rumba, kwa hiyo kina hicho hakikufungwa pale. Januari 17, 1961, Lumumba akauawa Katanga. Mimi kwa wimbo wa harusi siwezi kulitia jina hilo. Wazee watakaa chini.

Na kuna ndumba. Kwa Kilingala ni mwanamke wa kujiuza. Kwa Watanzania ni uchawi, hasa ule wa timu za mpira. Mstari mmoja, matusi mawili tofauti, kutegemea nani amesimama karibu na spika.

Nyumba ndiyo inayonisumbua. Inalingana na rumba kuliko zote, lakini ukiiimba kambini watu wanauliza: ipi, ya huku au ile tuliyoiacha? Katika wimbo tunaofanyia mazoezi nimetia chumba ubeti wa kwanza. Ubeti wa mwisho bado uko wazi, na mpiga solo anataka ndumba.