Treni ya umeme ya Katanga: ilichunga nishati kwa ajili ya nani?

Bandugu, leo watu wakisema usafiri unaochunga nishati, akili inakimbilia motokari za betri za Ulaya. Kumbe hapa kwetu Katanga jambo hilo liliamuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwenye reli ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mpaka Tenke.

Kampuni ya reli, BCK, ilikuwa inavuta madini kwa mashine za moshi. Mashine ya moshi ni mlafi. Ukitia motoni gunia kumi za makaa ya mawe, nguvu ya gunia moja hata haifiki kwenye magurudumu. Nyingine yote inapotea kwa joto na moshi. Tena inabeba maji na makaa yake yenyewe, na hata ikisimama kituoni moto lazima uwake. Na makaa mazuri yalitoka mbali, Wankie, huko Rhodesia ya Kusini. Lakini mito yetu ilikuwa inatoa kuran: Mwadingusha kwenye Lufira tangu 1930, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba katika miaka hiyo ya 1950. Basi wakaipa treni nguvu ya maji.

Mimi niko agronomu, si mhandisi, lakini kuna kitu kinanifurahisha sana. Hawakutengeneza umeme wa pekee kwa treni, vile nchi nyingi za Ulaya zilifanya. Walichukua kuran ya aina ileile ya viwanda, ya hertz 50, wakaiweka kwenye waya wa reli. Ufaransa yenyewe ilikuwa bado inaijaribu wakati huo! Na hakuna aliyemwomba dereva apunguze makaa. Walibadilisha chombo, basi.

Lakini tusipige makofi haraka. Waya ule ulifuata shaba ya Union Minière. Mkulima wa mahindi hakuulizwa, na mti wake wa kuni haukuhesabiwa. Mwaka 1974 reli ikawa SNCZ, leo tunaiita SNCC. Mwaka 1975 vita ya Angola ikafunga njia ya Lobito. Reli zikazeeka, treni zikapungua, mizigo ikapanda kamyo. Sasa, kwa tani moja na safari moja, kamyo inakula nishati mara kadhaa kuliko treni. Mazuti hayo nani analipa? Mama anayenunua bunga ya bukari sokoni.

Siku hizi wanasema tena juu ya Lobito, na tena maneno ni shaba na kobalti. Mimi ningetaka mkataba uandike wazi: kila juma mabehewa mangapi ni ya mahindi na mihogo, yanasimama vituo gani, na mkulima analipa faranga ngapi kwa gunia. Nyinyi mlioko Kinshasa karibu na maofisi, mmeona mahali popote jambo hilo limeandikwa?