Nani Atasema "Sielewi"?

Leo tuongelee lugha na kizimba.

Mwaka jana gazeti lilinituma kufuatilia kesi ya mifugo katika mahakama moja huku kwetu Arusha. Mshitakiwa alikuwa mzee wa Kiarusha kutoka juu ya Ngaramtoni, kule mashamba yanakokaribia msitu wa Meru. Lugha yake ni Kiarusha (kwa msiojua, ni Kimaasai cha wakulima). Kiswahili chake ni cha sokoni tu: salamu, bei, gari la mwisho. Akasomewa mashitaka, akaulizwa kama ameelewa. "Ndiyo, mheshimiwa." Baadaye shahidi mmoja akamgusa pabaya, mzee akaanza kueleza kwa lugha yake, mikono juu, mikono chini, kama dakika mbili nzima. Kijana aliyeokotwa ukumbini kuja kutafsiri akamgeukia hakimu, akasema: "Anakataa."

Basi. Dakika mbili, neno moja.

Kinachonikera ni kwamba hili linatokea Arusha, mji ambao ulikuwa shule ya dunia katika jambo hili hili. Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 955 la kuunda Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Mwaka uliofuata ikaamuliwa ikae Arusha, ikapanga kwenye majengo ya AICC. Ilifungwa mwishoni mwa 2015 ikiwa imewashitaki watu 93. Sisi watoto wa Arusha tuliijua kwa magari meupe na kodi za nyumba zilizopanda. Kumbe ndani watu walikuwa wanahangaika na maneno.

Kifungu cha 20 cha sheria iliyoiunda mahakama ile kilisema mshitakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama atapewa mkalimani bure. Lugha za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda. Kwa hiyo katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, neno la shahidi lilisafiri mara mbili: kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa, kisha Kiingereza. Umewahi kucheza ule mchezo wa kunong'onezana sikioni? Sasa weka maisha ya mtu mwishoni mwa mstari.

Majaji hawakujifanya tatizo halipo. Soma hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998. Kabla hawajasema Akayesu ana hatia, walitenga sehemu nzima kueleza lugha. Walimwita mtaalamu wa isimu kutoka Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, Mathias Ruzindana, awafafanulie maneno. Inyenzi ni mende, sawa, lakini mwaka 1994 likitamkwa kwenye mkutano wa hadhara lina maana gani? Ibyitso ni washirika, ila washirika wa nani? Mashahidi walipoeleza kubakwa walitumia maneno kadhaa, na mojawapo ni gufata ku ngufu. Mswahili hahitaji kamusi kuisikia "nguvu" humo ndani. Majaji walilazimika kujiridhisha kwamba "kubaka" ya mkalimani ndiyo iliyotoka kinywani mwa shahidi, kwa sababu ile ndiyo hukumu iliyosema kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Neno likikosewa, na hukumu inayumba.

Hiyo ilikuwa mahakama yenye fedha za dunia. Sasa twende kwa mgeni aliyeshitakiwa katika mahakama za kawaida za Tanzania.

Raia mmoja wa Côte d'Ivoire, mtu wa Kifaransa, alihukumiwa kunyongwa hapa nchini mwaka 2010 kwa kosa la mauaji. Rufaa yake ikatupwa 2014. Akakimbilia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko hapa hapa Arusha. Moja ya malalamiko yake: hakupewa mkalimani. Uamuzi ulitoka 7 Desemba 2018. Mkataba wa Afrika wenyewe hautaji mkalimani, lakini mahakama iliusoma pamoja na ule Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia 1976, ikakubali kwamba haki hiyo ipo. Ila, ikasema, mwenye shida lazima aieleze mahakama. Huyu alikuwa na mawakili na hakupinga kesi kuendelea. Katika hoja hiyo akashindwa, ingawa alishinda katika kucheleweshewa kesi na kutendewa kwa kudhalilishwa.

Kisheria naielewa hoja hiyo. Jaji hawezi kusoma kichwa cha mtu. Lakini mimi nimekaa kwenye yale mabenchi na nimeona nani husema "sielewi". Ni mawakili tu.

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo zuri kwa wengi wetu. Hata hivyo halimsaidii Muethiopia anayekamatwa njiani akielekea Afrika Kusini. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inataka ushahidi utafsiriwe kwa mshitakiwa katika lugha anayoielewa. Haisemi kwamba raia hahitaji.

Siku ile baada ya kesi nilimfuata mzee chini ya mti, rafiki yangu Mwarusha akitusaidia kuongea. Nikamwuliza: mzee wangu, kwa nini ulisema umeelewa?

Akaniangalia kama mtoto asiye na adabu. "Mkubwa akikuuliza kama umeelewa, wewe utamwambia hapana?"

Kesi iliahirishwa.