Hela Zilizopigwa Tabora

Wataalamu wa siku hizi huweka kipande cha dhahabu ndani ya maji na kukipiga kwa mwali wa leza. Hutoka chembe ndogo mno, jicho haliwezi kuziona, na maji hugeuka mekundu. Ni ajabu, lakini kuyageuza madini kutoka umbo moja hadi jingine si kazi ngeni kwetu. Leo twende Tabora.

Zamani za misafara, jembe la chuma lilikuwa mali Unyamwezi. Lililima, lilinunua, na lilitolewa mahari. Kutoka pwani wapagazi walileta masango, yaani nyaya nene za shaba, nazo zikageuzwa bangili na vikuku.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Manowari za Waingereza ziliziba pwani, na fedha kutoka Ujerumani ikawa haifiki. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imehamia Tabora, ambako reli ilifika mwaka 1912. Mwaka 1916 ikapiga sarafu zake huko huko, katika karakana ya reli. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, nchi ya Iramba. Zikapatikana sarafu 16,198 za rupia 15, zenye picha ya tembo na herufi T, ndiyo Tabora. Za heleri 5 na 20 zilipigwa kwa shaba. Tarehe 19 Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji, na kazi ikakoma.

Je, tembo hao wa dhahabu wako wapi? Wengi wamo katika makabati ya watoza sarafu wa ng'ambo, wanaowanunua kwa bei kubwa. Na waliochimba miamba ya Sekenke, je? Juu ya sarafu ipo herufi ya mji, jina la mchimbaji halipo.

Kwetu limebaki neno. Kila tusemapo "hela", tunaitaja ile heleri ya Mjerumani, pengine bila kujua.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ukiikuta sarafu kuukuu katika kibweta cha bibi, usikimbilie kumwuzia mpita njia. Kaa kwanza na bibi, umwulize imefikaje mikononi mwake, uandike atakayokuambia. Sarafu ikipotea, hayo yatabaki.